Bei ya Kutafutiwa Kazi: Udalali wa Ajira katika Historia ya Kariakoo

Jina la Kariakoo, ambalo leo humpeleka msikilizaji moja kwa moja kwenye soko, maduka ya jumla na msongamano wa Mtaa wa Kongo, halikutokana na biashara ya bidhaa bali na uandikishaji wa watu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliunda kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps ili kibebe chakula, risasi na majeruhi katika vita vyao dhidi ya Wajerumani, na baada ya kuiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916 waliwaweka wapagazi hao magharibi ya Mnazi Mmoja, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wameanza kupima viwanja vya makazi ya Waafrika na kujenga jengo la soko. Vinywa vya wenyeji viliyalainisha maneno hayo ya kigeni yakawa Kariakoo, na jina likabaki hata baada ya kikosi kuvunjwa na jengo kurudishiwa kazi ya soko katika miaka ya 1920.

Asili hiyo ya jina inafaa kukumbukwa na kila anayetaka kuelewa lawama zinazosikika jijini dhidi ya huduma za kutafutiwa kazi kwa malipo. Wakala wa ajira ni mtu au ofisi inayosimama kati ya mwenye kazi na mtafuta kazi na kupata ujira kwa kuwakutanisha. Kwa lugha ya sokoni ni dalali, ingawa anachokiuza hakipimwi kwa mizani wala hakikaguliwi kabla ya kununuliwa. Udalali wa aina hii ni mkongwe kuliko Kariakoo yenyewe, na kilichobadilika katika safari yake ya zaidi ya karne moja ni mambo mawili, yaani ni nani anayemlipa dalali, na kama malipo hayo hutangulia kazi au huifuata.

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda bara haikuweza kuondoka bila wapagazi, na kuwakusanya watu hao, wengi wao Wanyamwezi, ilikuwa biashara kamili. Mfanyabiashara mashuhuri wa fani hiyo huko Bagamoyo alikuwa Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa mwaka 1851 na kufariki mwaka 1897, ambaye aliwapatia wapagazi na vifaa wafanyabiashara, wasafiri wa Kizungu na hatimaye serikali ya Kijerumani, na ambaye jina lake lingali likitajwa katika wodi za Hospitali ya Muhimbili kwa sababu ya fedha alizotoa kwa ajili ya hospitali ya Dar es Salaam. Katika mfumo huo aliyemlipa dalali alikuwa mwenye msafara, kwa kuwa mabega ya kubeba mizigo yalikuwa machache kuliko mizigo yenyewe, na mpagazi hakutakiwa kutoa kitu ili aandikwe. Badala yake alizoea kupokea sehemu ya ujira kabla ya safari pamoja na posho, yaani chakula cha njiani au kitu cha kukinunulia. Wanyamwezi hao wameachiwa kumbukumbu yao katika jina la mtaa mmoja wa Kariakoo.

Hata hivyo, si kila aliyefanya kazi ya ujira katika pwani hiyo aliupokea ujira wote. Huko Unguja, watumwa waliokodishwa kubeba mizigo bandarini au kufanya kazi za mjini waliitwa vibarua, na walichokipata waligawana na mabwana zao. Neno kibarua, ambalo maana yake ya asili ni barua ndogo, lilihusu pia kikaratasi cha kuthibitisha kazi ya siku, na kutoka hapo likaja kumtaja mtu mwenyewe pamoja na kazi yake, hata leo anayefukuzwa kazi huambiwa kwamba kibarua kimeota nyasi. Historia ya neno hili inaonyesha kwamba tangu zamani karatasi na mtu wa kati vilikuwa sehemu ya kazi ya ujira, na kwamba aliyekaa kati aliweza kuchukua fungu kubwa bila kubeba mzigo.

Kikosi kilichoipa Kariakoo jina lake kiliuondoa utaratibu wa hiari uliokuwapo katika misafara. Mamia ya maelfu ya Waafrika walichukuliwa na pande zote mbili za vita, mara nyingi kwa nguvu na kwa kutumia machifu na maakida, na waliokufa kwa kuhara damu, malaria na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Waliahidiwa mshahara, lakini mishahara ya wengi waliofia porini haikuwafikia warithi wao, kwa kuwa majina yalikuwa yameandikwa vibaya, vijiji havikujulikana, na serikali haikuona haraka ya kuwatafuta wadai. Mwaka 1927 sanamu ya Askari ilisimamishwa katikati ya mji kuwaenzi wanajeshi na wapagazi wa Kiafrika, ikawa ukumbusho wa shaba kwa watu ambao baadhi yao walikuwa bado wanadai fedha. Huo ulikuwa mfano wa awali wa sikitiko ambalo mtaa ungelizoea: jina liliandikwa, ahadi ikatolewa, kisha daftari likafungwa.

Baada ya vita, mahitaji ya nguvu za watu yalihamia kwenye mashamba ya mkonge, zao lililoletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Waliosafirishwa na waandikishaji kutoka mikoa ya mbali kwenda Tanga na Morogoro waliitwa manamba, neno lililotokana na namba ambayo kila mmoja alipewa, na walifanya kazi kwa kipande, yaani kadi iliyotiwa alama kila siku ya kazi hadi zitimie siku thelathini, ndipo mshahara ulipwe. Serikali ilianzisha Idara ya Kazi mwaka 1926 chini ya Meja Orde-Browne, ikaifunga mwaka 1931 wakati wa mdororo wa uchumi, kisha ikaifufua baadaye; wakulima wa mkonge nao mwaka 1944 waliunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi iliyofahamika kwa jina la SILABU. Hapa pia gharama za kuandikisha zilibebwa na mwajiri, lakini mfanyakazi alizilipa kwa njia nyingine, kwa sababu aliyesafirishwa kwa mkataba hakuweza kuchagua shamba wala kuondoka alipogundua kwamba aliyoambiwa kwao hayakufanana na aliyoyakuta. Ndiyo maana watu wengi walipendelea kutembea kwa miguu mamia ya maili ili wafike wenyewe, waulize hali ya kila shamba, na wachague. Udanganyifu wa zama hizo ulihusu masharti ya kazi. Kuwapo kwa kazi yenyewe hakukutiliwa shaka.

Kariakoo ya miaka ya 1930 hadi 1950 ilijengwa na watu wa aina hiyo, waliofika wenyewe. Nyumba yake ya kawaida ilikuwa nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande, ambavyo mwenye nyumba aliweza kuvipangisha kimoja kimoja, na mgeni kutoka Rufiji, Uluguru au Unyamwezi alifikia kwa ndugu, kwa mtu wa kwao, au kwa mtani, yaani mtu wa kabila ambalo la kwake lina utani nalo na kwa hiyo linawajibika kumsaidia. Mwenyeji huyo ndiye aliyekuwa wakala wa ajira: alimpeleka mgeni bandarini alfajiri watu walipochaguliwa, akamtaja kwa mpishi wa Uzunguni au kwa mwenye duka wa Uhindini, naye hakutoza ada. Malipo yake yalikuwa heshima na wajibu wa mgeni kumpokea mwingine siku za usoni. Huduma hiyo ilikuwa na dhamana ambayo hakuna ofisi iliyoweza kuiiga, kwa sababu mwenyeji aliyemdanganya mgeni angeulizwa na jamaa wa pande zote mbili, na mgeni aliyeiba kazini angemwaibisha aliyemdhamini. Kasoro yake ilikuwa kwamba asiye na mtu mjini alibaki nje, na serikali ya kikoloni iliwahesabu watu wa namna hiyo kuwa wahuni, ikawakamata na kuwarudisha makwao.

Uhuru haukumaliza tatizo hilo, ila ulibadilisha aliyeahidi kulitatua. Serikali ilikuwa mwajiri mkubwa, na wahitimu wa vyuo walipangiwa kazi na dola yenyewe, hivyo nafasi ya dalali wa ajira za ofisini ilikuwa finyu. Kwa wasio na elimu hiyo, dola iliendelea kutumia msamiati wa wajibu: mwaka 1976 ilikuja kampeni ya Kila Mtu Afanye Kazi, na mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ikatungwa sheria ya kugawa nguvu kazi iliyoruhusu wakazi wa miji wasio na shughuli inayotambulika kupelekwa vijijini. Katika miaka hiyo kitambulisho cha kazi kilikuwa kinga dhidi ya kukamatwa barabarani, jambo lililoipa karatasi thamani iliyozidi ya kazi iliyotajwa humo.

Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1990 ndiyo yaliyofungua soko la kutafutiwa kazi kwa malipo kama linavyojulikana leo. Mashirika ya umma yalibinafsishwa, watumishi wa serikali wakapunguzwa kwa makumi ya maelfu, na wahitimu wakaachwa wajitafutie. Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999 iliweka utaratibu wa kusajili mawakala binafsi. Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, unaofahamika kwa kifupi TaESA, ulianza kazi mwaka 2008. Na ajira za serikali zikakabidhiwa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Ukubwa wa pengo kati ya watafuta kazi na kazi ulionekana waziwazi mwezi Juni 2014, pale zaidi ya watu 10,000 walipofika Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka huohuo serikali ilipiga marufuku mtindo wa mawakala kuwaajiri watu na kuwakodisha kwa makampuni, mtindo ambao ulimfanya mfanyakazi ashindwe kujua mwajiri wake ni nani na ni kiasi gani cha mshahara wake kinabaki njiani.

Hesabu ya uwanja ule inaeleza kwa nini mzigo wa malipo ulihama. Msafara wa Sewa Haji ulikosa mabega, mkonge ulikosa mikono, na mwenye kuhitaji ndiye aliyelipa; katika jiji ambalo watu mia na zaidi hugombea nafasi moja, mhitaji ni mtafuta kazi, na wapo wanaojua kumtoza. Ada hugawanywa ili isitishe: kwanza pesa ya fomu, kisha ya usajili, ya kuchapa wasifu, ya mafunzo mafupi, ya kupima afya, na mwisho ya kuharakisha jina, na kila anayekwisha kulipa hatua moja huona hasara kuiacha ya pili. Tangu huduma za fedha kwa simu zienee nchini kuanzia mwaka 2008, malipo hayo huweza kufanywa bila mtoaji kumwona mpokeaji. Mtu aliyelipa hivyo akakosa kazi husemwa kwamba ameingizwa mjini, msemo ambao unaitaja hadaa kama hatua ya kuujua mji, na ambao kwa namna hiyo humpa fedheha aliyedanganywa badala ya aliyedanganya. Wengi hunyamaza kwa sababu hiyo, na kunyamaza kwao ni mtaji wa tapeli.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba kumtoza mwajiri peke yake kunatosha. Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1997, unakataza kwa jumla wakala kumtoza mfanyakazi ada, na kanuni hiyo ni njema. Lakini ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu ilionyesha kwamba mwajiri aliyemlipa wakala huweza kujihesabu kuwa amemnunua mtumishi, akashikilia pasipoti yake, na kumtaka arudishe gharama kabla ya kuondoka. Sauti ya enzi za manamba inasikika humo: mfanyakazi asiyelipa ada mlangoni huweza kuilipa kwa kutoruhusiwa kutoka.

Kipimo kinachofaa cha wakala, kwa hiyo, ni uwezo wa mtafuta kazi kumrudia na kumdai, na kipimo hicho kimo ndani ya desturi za soko la Kariakoo lenyewe. Dalali wa mazao hupata kamisheni mzigo unapouzwa, na winga, yaani kijana anayempeleka mteja dukani ili apate cha juu, huambulia patupu mteja asiponunua; wote wawili hubeba sehemu ya hatari ya biashara. Muuzaji naye ana kizimba, meza yake ya kudumu sokoni, ambapo mnunuzi aliyeuziwa kibovu anaweza kurudi kesho yake na kusema mbele za watu. Wako mawakala wa ajira waliosajiliwa wanaofanya kazi kwa uadilifu, na hao hutambulika kwa kuwa na ofisi isiyohama, risiti, na mwajiri anayetajwa kwa jina. Anayechukua ada kabla ya kazi na asiye na mahali pa kurudiwa ameuchukua udalali na kuuacha msingi wake, kama walivyofanya walioandika majina ya wapagazi na wasiwatafute warithi wao.