Bima ya SHA hulipia matibabu, si makao ya wazee

MZEE anaporuhusiwa kuondoka hospitalini baada ya kupatwa na kiharusi, linaloisumbua familia si dawa tena bali mikono: nani atamgeuza kitandani, amlishe na kumwosha? Katika mtaa wa Mountain View, kando ya Barabara ya Waiyaki jijini Nairobi, ambako watu hurauka kwenda kazini na kurejea usiku, wengi huwaza makao ya wazee. Hapo ndipo huzuka dhana kwamba bima ya serikali itagharimia. Haitagharimia.

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024, huweka mikataba na vituo vya afya vyenye leseni. Nyumba ya wazee, hata ikiwa na muuguzi usiku na mchana, huhesabiwa kuwa makazi iwapo haijasajiliwa kama kituo cha afya na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Kitanda, chakula na ujira wa mlezi ni mzigo wa jamaa. Na hata penye leseni hiyo, kinacholipiwa ni ugonjwa, si uzee.

Mkanganyiko mwingi hutokana na zile siku 180. Bima hulipia kulazwa hospitalini kwa muda usiozidi siku hizo kila mwaka, nazo ni za nyumba nzima, wala si za mtu mmoja. Kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2024, hospitali ya ngazi ya nne hulipwa Sh3,360 kwa siku, na ya ngazi ya sita, mfano Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Sh4,480. Wapo wanaoisoma idadi hiyo wakadhani mzazi aweza kuuguzwa miezi sita popote pale. La hasha. Daktari akishaamua kwamba mgonjwa hahitaji tena kulazwa, malipo hukoma.

Hata hivyo, mkazi wa makao ya wazee hapotezi haki yake ya matibabu. Akiugua, aweza kupelekwa kituo cha umma kama kile cha Kangemi, ambako huduma za msingi hulipiwa na hazina inayotokana na kodi, mradi amejisajili. Akilazwa, bima ya michango hutumika.

Lakini ni bima ya nani? Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mfanyakazi anayekatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake amemkinga mwenzi wake na watoto wake, si mama yake. Mzazi husajiliwa kama nyumba inayojitegemea, kwa simu kupitia *147#, na asiye na mshahara hukadiriwa mapato kisha hulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kima cha chini ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600. Familia nyingine huligundua jambo hili zikiwa tayari kwenye dirisha la malipo. Zile Sh2,000 za Inua Jamii wanazopewa wazee waliosajiliwa wenye umri wa miaka 70 na zaidi ni msaada mwingine kabisa, na hazikaribii ada ya makao ya kibinafsi.

Ujerumani ilianzisha bima maalumu ya utunzaji mwaka 1995, na Japani mwaka 2000. Kenya haina, ingawa Kifungu cha 57 cha Katiba kinawapa wazee haki ya kutunzwa na familia na pia Serikali. Kwa wasio na uwezo, Nairobi ina makao machache, yakiwemo Mji wa Huruma ya serikali ya kaunti na Nyumba ya Wazee ya watawa huko Kasarani.

Anayempeleka mzazi makaoni na ahakikishe kwamba mchango wa mwaka umelipwa, kisha akiache huko kitambulisho cha mzee. Bila nambari yake, hospitali itakayompokea usiku wa manane haitaweza kuthibitisha kuwa ana bima.