Kamyo

Hapa Gasenyi, Bujumbura, kile aitacho Mtanzania lori huitwa kamyo, kwa kuwa Mbelgiji, aliyetawala Burundi hadi 1962, alituachia msamiati wa Kifaransa, ilhali Mwingereza aliwaachia jirani zetu wa Tanganyika wa Kiingereza. Nami naliona kamyo kuwa neno halali, lisilohitaji idhini ya mtu. Neno hilo hunijia akilini nisomapo habari za wenye uraibu wa kuhuisha kamyo za GMC za jeshi la Marekani, zilizoundwa zaidi ya 500,000 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia: huifungua kabureta, wakaiosha kwa petroli, wakapaka grisi kila kiungo. Mafundi wetu wa kamyo, wachongao kwa mkono kipuri kisichouzwa tena, wana ustadi uo huo, nao wastahiki neno lao liingizwe kamusini.