Jiko banifu nyumbani: kulichagua, kulitumia na kulitunza

Jiko banifu ni jiko linaloivisha chungu kile kile kwa kuni au makaa machache kuliko mafiga matatu au seredani ya bati tupu. Siri yake ni moja tu, kuuzuia moto usikimbie. Katika mafiga, sehemu kubwa ya moto huondoka na upepo, nyingine ikaishia kwenye mawe na ardhi, na kinachoingia ndani ya sufuria ni kama sehemu moja kwa kumi, au kumi na tano kwa mia ukiwa na bahati. Jiko la makaa lenye udongo ndani, likitunzwa, hufika robo au zaidi. Tofauti hiyo ndiyo gunia linalodumu mwezi badala ya wiki mbili na nusu.

Si jambo dogo kwa nyumba zetu. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa asilimia 55 hivi ya nyumba za Kenya zinapikia kuni, asilimia 24 hivi gesi, na asilimia 12 hivi makaa. Huku kwetu, kuanzia Garsen kushuka Kau mpaka Kipini, mtu hahitaji sensa kujua. Atazame tu kinachobebwa nyuma ya bodaboda.

Jamaa zetu walioko Uingereza wana kitu kinachofanana na haya. Nyumba zao hupashwa joto na boila ya gesi, na tangu Aprili 2005 boila mpya huko England zilitakiwa ziwe za kondensi. Gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji. Boila ya zamani iliutoa mvuke huo nje kupitia bomba la moshi, na joto lote lililomo likaenda nao. Boila ya kondensi huupoza mvuke mpaka ugeuke maji tena, na joto linalotoka hapo hurudishwa ndani ya nyumba. Maji yenyewe hutiririka nje kwa kibomba chembamba, na wakati wa baridi kali kibomba hicho kikiganda barafu, boila nzima hujizima. Ndiyo sababu mtu aliyeko Leicester hukupigia simu Januari akilalamika baridi, na bili anaendelea kulipa.

Sisi hatuna haja ya boila. Ila somo la mvuke linatuhusu zaidi kuliko tunavyodhani, kwa sababu mvuke ni mwizi wa moto hata jikoni. Kuchemsha lita moja ya maji ya mtungini mpaka yatokote kunataka joto kiasi fulani. Kuyakausha maji hayo hayo yote yawe mvuke kunataka joto zaidi ya mara saba ya hilo. Hapo mambo mawili yanafuata, na kila anayepika anaweza kuyafanya leo bila kununua chochote.

La kwanza ni kifuniko. Sufuria ikishatokota, maji hayazidi moto hata uchochee vipi. Kunde inayotokota kwa fujo haiivi haraka kuliko kunde inayotokota polepole, bali inakausha maji tu, na kila tone linalokauka limekula makaa yako. Funika, punguza moto, funga mlango wa hewa wa jiko. Kunde, pojo na maharagwe yarowekwe usiku. Wazee wetu waliokuwa wakipalia wali kwa makaa machache juu ya kifuniko walilijua hili bila kusomea popote.

La pili ni kuni mbichi. Ukuni uliokatwa jana unaweza kuwa nusu yake ni maji. Kabla haujakupa moto wowote, lazima uyakaushe maji yale kwanza, na joto linalotumika kufanya hivyo linatoka ndani ya ukuni wenyewe. Kibaya zaidi ni kwamba maji hayo huupoza moto, kuni zikashindwa kuungua vizuri, na kile ambacho kingekuwa moto kikawa moshi. Moshi ni kuni ambazo hazijaungua, umezilipia na zimekwenda machoni mwa mke wako. Kuni zipasuliwe nyembamba, zipangwe chini ya paa kwa kupishana ili upepo upite, miezi miwili au mitatu. Ukigonga vipande viwili vilivyokauka, vinalia. Vibichi havilii.

Jiko la makaa

Jiko tunaloliona kila duka, la bati lililobana kiunoni na lenye bakuli la udongo uliochomwa ndani, lilianza kutengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazo lilitoka Thailand, kwenye jiko lao la ndoo, likabadilishwa umbo mpaka likasimama imara kwa mtu anayesonga ugali. Mafundi wa jua kali wa Nairobi walilichukua wakalifanya lao, na kutoka hapo likasambaa Afrika Mashariki yote. Tatizo ni kwamba kila fundi analiiga kwa namna yake, na yapo majiko mazuri na yapo mapambo.

Ukienda kununua, ligonge bakuli la udongo kwa ukucha au ufunguo. Lililochomwa sawasawa hulia kama bakuli la chakula. Lenye ufa au lililochomwa nusu hutoa sauti ya kufa. Tazama rangi: iwe moja, isiwe na doa jeusi katikati. Vuta mlango wa hewa, ufunge na ufunguke bila kupigana nao, kwa sababu mlango huo ndio usukani wa jiko. Jiko lisilofunga mlango ni sawa na seredani ya kale, ila limepakwa rangi. Weka sufuria yako mwenyewe juu, ile unayopikia kila siku, uone kama inakaa vizuri juu ya vishikizo vitatu na kama kitako chake kiko karibu na makaa. Pengo likiwa kubwa, moto unapita pembeni. Jiko kubwa kwa nyumba ya watu watatu ni hasara, kwa kuwa mtu hujaza makaa mpaka juu kwa mazoea tu.

Siku ya kwanza usilitie moto mkali. Anza na makaa machache, liache lipoe lenyewe, kisha kesho yake ongeza. Udongo hushika unyevu, na unyevu ukigeuka mvuke ghafla ndani ya udongo hauna pa kutokea ila kupasua.

Kinachoua majiko mengi ni maji. Mtu amemaliza kupika, anataka kuokoa makaa yaliyobaki, anamwagia kikombe cha maji. Bakuli linapasuka, na makaa yaliyolowa hayafai kesho. Toa makaa kwa koleo, yatie kwenye debe lenye kifuniko, funika. Yatazimika yenyewe kwa kukosa hewa na asubuhi yako tayari. Majivu yatolewe kila siku yakishapoa. Yakijaa chini huziba matundu, hewa haipandi, makaa yanafifia, nawe unaanza kupepea na kuongeza mengine juu. Tena majivu yakishika unyevu hula bati, na huku karibu na Kipini, upepo wa chumvi hauhitaji msaidizi.

Ufa mwembamba wa udongo usikutishe. Changanya udongo wa mfinyanzi na majivu yaliyochekechwa, ongeza maji kidogo, ziba, liache kivulini siku mbili. Bakuli likigawanyika vipande, badilisha bakuli tu, usitupe jiko. Fundi hulipachika jipya kwa saruji, na bati likiwa zima unaweza kubadilisha mara mbili tatu kabla halijaoza. Mpikaji wa kila siku ategemee bakuli kudumu mwaka mmoja au miwili.

Hesabu ni hii. Chukua, kwa mfano, nyumba inayochoma mikebe mitatu ya makaa kwa siku kwenye jiko la bati tupu, kila mkebe shilingi 50. Ni 150 kwa siku, 4,500 kwa mwezi. Jiko la udongo lililotunzwa hupunguza thuluthi moja mpaka nusu. Ukichukua thuluthi tu, umeokoa 1,500 kila mwezi. Weka bei ya kijijini kwako na ufanye mwenyewe. Ramadhani, kunapopikwa futari na daku, tofauti inaonekana kabla ya kumi la kwanza kwisha.

Jiko la kuni

Hapa nina maoni yangu. Tunaambiwa makaa ni maendeleo na kuni ni umasikini. Kwa msitu ni kinyume. Tanuri la kufukia udongo hula kilo tano mpaka kumi za mti kutoa kilo moja ya makaa. Kilo moja ya makaa ina moto mwingi kuliko kilo moja ya kuni, kweli, ila ni mara moja na nusu hivi, si mara tano. Sehemu kubwa ya mti imepotelea kwenye tanuri kabla gunia halijashonwa. Mwenye kuni zake kavu na jiko zuri la kuni anakula mti mdogo kuliko mwenye makaa, hata jiko la makaa liwe bora namna gani.

Jiko la kuni linalotufaa ni lile la bakuli la udongo linalojengewa kwa tope jikoni, lililoenezwa miaka ya 1980 kupitia chama cha Maendeleo ya Wanawake na kuitwa jiko la Maendeleo. Halihamishwi, na huo ndio upungufu wake kwa nchi ya mafuriko. Mjengee sehemu iliyoinuka, magotini au zaidi, na mpikaji hatainama. Mdomo wa kuni uelekee unakotoka upepo kwa wastani, usiutazame upepo wa kusi moja kwa moja, kwani utakula kuni kama tanuri la mkate. Kuni ziingie ncha tu, zisukumwe polepole. Ukijaza mdomo, hewa haina njia. Tope la pembeni lipakwe upya kila mwezi na majivu yatolewe.

Kuni gani? Mikoko ina moto mzuri, hakuna anayekataa. Lakini ndiyo inayoshika kingo za mto na kulea samaki na kamba, na delta hii iliwekwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2012 si kwa bahati. Amri ya serikali ya Februari 2018 ya kusimamisha ukataji kwenye misitu ya umma iliwakuta watu wengi wa pwani hawana njia nyingine. Njia tunayo. Mathenge uliletwa Bura na Hola miaka ya 1980 ukawa balaa la malisho na mashamba, nao una moto mkali na makaa mazito. Ukate huo mpaka uchoke, ila uvae viatu vigumu, mwiba wake hutoboa ndala na gurudumu. Wenye minazi wana vifuu, makumbi na makarara. Vifuu vina moto wa haraka, vizuri kwa chai na mahamri.

Moshi na hewa ya sumu

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Jiko banifu hupunguza moshi, haliumalizi. Jiko la makuti liwe na nafasi chini ya paa pande mbili zinazotazamana, na mtoto mchanga asikae mgongoni mwa anayechochea.

La kuogopesha zaidi ni makaa, kwa kuwa hayana moshi. Mvua ikinyesha usiku, watu huingiza jiko chumbani kwa ajili ya joto au kukausha nguo, wakafunga mlango na dirisha. Makaa yanayofifia hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki kwa sababu hakuna kinachomwamsha. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikija jikoni kumefungwa, toka nje kwanza, maswali baadaye. Jiko la makaa halilali ndani na watu, hata liwe jipya.

Mwenye gesi

VAT ya gesi ilirudishwa kwa asilimia 16 mwaka 2021, ikashushwa hadi 8 mwaka 2022, na 2023 ikaondolewa, nazo nyumba nyingi sasa zina mtungi wa kilo 6 pembeni ya seredani. Ni moto safi kuliko yote niliyoyataja. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa juu yake. Ongeza 6, ndiyo namba unayopaswa kuiona kwenye mizani. Muuzaji asiyetaka kupima, muache. Vituo vya kichochoroni vinavyojaza usiku viepukwe kabisa, mlipuko wa Embakasi wa Februari 2024 ulitokana na kazi ya namna hiyo. Mtungi usimame wima. Kiungo na mpira vipakwe povu la sabuni kila unapobadilisha, na povu likivimba, funga. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hukaa chini sakafuni, basi ukisikia harufu fungua mlango, usifungue dirisha la juu tu, wala usiguse swichi ya taa.

Mafuriko ya mwisho wa 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yalikuta majiko mengi chini. Maji yakianza kupanda, funga vali, ondoa rigaleta, ufunge mtungi kwa kamba kwenye mti au nguzo, kwani mtungi huelea na kwenda zake. Jiko la udongo lipandishwe darini. Likilowa, usiliwashe kulikausha. Liweke kivulini wiki nzima, kisha juani siku mbili, kisha makaa machache kama siku ile ya kwanza.