Piano ya tarakilishi: Sauti iliyorekodiwa au iliyokokotolewa?

KWAYA nyingi mjini Nakuru, Njoro, Molo na Naivasha huimba kwa kinanda cha umeme, na viongozi wake hutamani siku moja kisikike kama piano halisi. Kwa mwenye kipakatalishi, tamanio hilo si gumu tena. Kinachotatiza ni kuchagua programu, kwani zipo za aina mbili, na anayekosea huishia kupoteza pesa na data kwa programu ambayo mashine yake haiwezi kuibeba.

Piano yenyewe ni mzigo. Ina vibonyezo 88 na nyuzi za chuma zaidi ya 200, na mbao zake huathiriwa na hali ya hewa. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Ukavu wa Januari na Februari hufuatwa na mvua ndefu, mbao hunywea kisha hufura, na sauti hupotoka. Mafundi wa kuisawazisha ni wachache. Ndiyo maana hata mwanafunzi wa shahada ya muziki, kama wale wa Chuo Kikuu cha Kabarak kilichoko kilomita 20 hivi kutoka mjini, hunufaika akiwa na piano ya tarakilishi ya kufanyia mazoezi chumbani.

Programu hizi huchezwa kwa kinanda cha kawaida kilichounganishwa na tarakilishi kwa waya. Kinanda hakipeleki sauti. Hupeleka taarifa tu, kupitia mfumo wa Midi ulioanza mwaka wa 1983, kwamba kibonyezo fulani kimepigwa kwa nguvu fulani kati ya ngazi 127. (Neno ‘kinanda’ lenyewe lina safari ndefu: katika pwani yetu hapo kale lilikuwa jina la ala ya nyuzi, jamaa ya gitaa.)

Aina ya kwanza ni piano za sampuli. Mafundi huingia studioni na piano moja, wakapiga kila kibonyezo polepole, kwa wastani na kwa nguvu, huku wakirekodi. Unapobonyeza, programu huchagua rekodi inayolingana na nguvu ya kidole chako na kuicheza.

Hesabu ndiyo hueleza uzito wake. Vibonyezo 88 vikirekodiwa kwa ngazi 16 za nguvu ni rekodi 1,408. Zikirudiwa pedali ikiwa imekanyagwa, zinakuwa 2,816. Kila moja ikichukua sekunde 20 kwa ubora wa studio, jumla hukaribia gigabaiti 15. Ivory ya kampuni ya Synthogy, iliyotoka mwaka wa 2004, ilijaza DVD kadhaa, na zipo programu za baadaye zinazozidi gigabaiti 100. Kiongozi wa kwaya ambaye kipakatalishi chake kina diski ya gigabaiti 128, nusu yake ikiwa imejaa tayari, na ambaye hupakua kwa data ya simu, hana budi kuyatazama maandishi hayo madogo kabla ya kulipa.

Zipo nyepesi. Salamander, isiyolipiwa, ilitokana na piano ya Yamaha C5 iliyorekodiwa kwa ngazi 16, lakini kati ya kila vibonyezo vitatu ni kimoja tu kilichorekodiwa. Vingine viwili huazima sauti ya jirani na kuivuta juu au chini kidogo. Kanisani hakuna atakayegundua.

Ila rekodi ina mpaka wake. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey alirekodi waimbaji wa Kipsigis huko Kapkatet, na sauti zao zingali nasi. Hata hivyo, hatuwezi kuwaomba waimbaji wa kwenye sahani ile watuimbie wimbo mwingine. Piano ya sampuli vivyo hivyo hutunza kwa uaminifu piano moja, katika chumba kimoja, siku moja.

Aina ya pili hairekodi chochote cha kuchezwa. Hukokotoa. Uzito wa nyundo, urefu na mkazo wa uzi, mtetemo wa ubao: yote huandikwa kama milinganyo ya fizikia, na sauti huundwa papo hapo unapobonyeza. Inayojulikana zaidi ni Pianoteq, iliyotolewa mwaka wa 2006 na kampuni ya Modartt ya Toulouse, Ufaransa. Mwasisi wake, Philippe Guillaume, ni mwanahisabati aliyewahi kuwa fundi wa kusawazisha piano. Mwaka wa 2009 kampuni ya Roland nayo ilileta V-Piano, ala kamili ya kukokotoa.

Pianoteq huchukua takriban megabaiti 50 pekee. Badala ya diski, huitegemea prosesa, yaani ubongo wa tarakilishi, na ikiwa dhaifu mno sauti hukatikakatika.

Kwa sikio langu, noti moja moja ya sampuli nzuri bado ina utamu wa mbao ambao hesabu haijaufikia kikamilifu. Lakini muziki si noti moja moja. Bonyeza vibonyezo vitatu polepole visilie, uvishikilie, kisha upige noti ya chini kwa nguvu na kuiachilia. Katika piano halisi nyuzi zilizo wazi huitikia kwa mbali. Programu ya kukokotoa hufanya hivyo kwa asili yake. Ya sampuli hukaa kimya, isipokuwa waundaji wawe wameongeza ukokotozi juu ya rekodi, kama wengi wafanyavyo sasa.

Jaribio hilo halihitaji malipo. Pianoteq ina toleo la majaribio ambalo hufanya kazi kwa dakika 20 kila linapofunguliwa, baadhi ya vibonyezo vikiwa vimezimwa. Ijaribu kwenye mashine ile ile itakayotumika ibadani, kinanda kile kile kikiwa kimeunganishwa, na usikilize pia kama sauti inachelewa nyuma ya kidole. Ikichelewa, punguza ukubwa wa bafa katika mipangilio ya sauti hatua kwa hatua, na usimame mara tu sauti inapoanza kukwaruza.