Kamera za DSLR: Faida na kasoro za kioo kimoja

MPIGAPICHA chipukizi anayetoa akiba yake kununua kamera ya DSLR iliyotumika hana budi kuelewa kwanza jinsi inavyofanya kazi, kwani faida na kasoro zake nyingi hutokana na kitu kimoja: kioo kilichomo ndani.

Mwanga ukishapita kwenye lenzi hugonga kioo hicho, nacho huuelekeza juu hadi kwenye kidirisha cha kutazamia. Kitufe kinapobonyezwa, kioo huinuka, kipazia kiitwacho shata hufunguka, na mwanga huangukia kihisi kinachonasa picha.

Kwa hivyo, mpigapicha huona tukio lenyewe kupitia lenzi bila kuchelewa. Isitoshe, kidirisha hicho si skrini ya kula umeme, hivyo betri hudumu. Nikon D750, iliyotoka mwaka wa 2014, ilikadiriwa kupiga picha 1,230 kwa chaji moja. Katika harusi inayoanza asubuhi na kumalizika usiku, hiyo si faida ndogo.

Hata hivyo, kioo huifanya kamera kuwa kubwa na nzito, na mlio wake husikika hata watu wanapoomba kimya kanisani. Aidha, kidirisha hakionyeshi iwapo picha itatoka na giza au mwanga kupita kiasi; hilo hujulikana baada ya kupiga, pengine pete ikiwa imeshavishwa.

Ni kwa sababu hizo ambapo kampuni za Canon na Nikon zimegeukia kamera zisizo na kioo. Matokeo yake ni kwamba lenzi mpya za DSLR ni adimu, lakini zilizotumika ni tele na bei yake ni nafuu.

Mnunuzi asidanganywe na mng'ao wa nje. Shata huchakaa, ile ya Canon EOS 5D Mark III, iliyotoka mwaka wa 2012, ilikadiriwa kuhimili picha 150,000. Aulize kamera imepiga picha ngapi, aijaribu kwa lenzi yake, kisha azikague picha zenyewe kwa makini kabla ya kulipa.

Akizingatia hayo, DSLR bado ni chombo cha kuaminika kwa mwenye kipato kidogo. Akiyapuuza, huenda kamera ikamwaibisha mbele ya maharusi, na harusi hairudiwi.