Mikono Isiyo na Majina

Masomo: Yoshua 4:1-9, Nehemia 3, 2 Wafalme 18:4



Wengi wetu tuliopata kwenda Bujumbura na kushuka njia ya Rumonge tumeliona lile jiwe la Mugere. Ni mwamba mkubwa, kama kilomita 12 kusini ya mji, nao umechongwa majina mawili na tarehe: Livingstone, Stanley, 25-XI-1871. Watu husema hapo ndipo walipokutana. Sivyo. Walikuwa wamekwisha kukutana Ujiji, ndipo wakapanda mtumbwi pamoja kuja kaskazini ya ziwa letu, wakitafuta jibu la swali moja: mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia? Kama ungekuwa unatoka, pengine ungekuwa ndio mwanzo wa Nili. Wakafika mdomoni mwa mto, wakaona maji yanaingia.

Jambo hilo kila mvuvi wa pwani hii alilijua tangu utoto wake. Tena hapa hapa Uvira, mwaka 1858, Wazungu wengine wawili, Burton na Speke, walikuwa wameambiwa na wana wa mwami kwamba mto unaingia. Ilibidi ipite miaka 13 ndipo habari ya wana wa mwami isadikiwe, na ikasadikiwa kwa sababu Wazungu waliiona kwa macho yao.

Lakini leo sitaki kusema juu ya mto. Nataka tutazame lile jiwe. Mtumbwi ule uliazimwa kwa Mwarabu wa Ujiji, Said bin Majid, nao haukupigwa kasia na watu wawili. Walikuwamo wapiga kasia, viongozi wa njia, mpishi na mkalimani. Waliosafiri ni wengi. Walioandikwa ni wawili.

Mwaka na nusu baadaye, tarehe 1 Mei 1873, Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi inayoitwa leo Zambia. Watumishi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, wangeweza kumzika hapo wakarudi kwao. Badala yake waliutoa moyo wake wakauzika chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu miezi mingi mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mmoja wao, Jacob Wainwright, alikuwa ametekwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa baharini, akasomeshwa kule Nasik, India. Ndiye aliyesoma sala za maziko ya ule moyo, na ndiye aliyechonga maandishi katika gome la mti. Alichonga jina la Livingstone, na pamoja nalo akachonga majina ya baadhi ya wenzake Waafrika.

Mwili ukazikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874. Wainwright alikuwapo, akashika jeneza pamoja na wakubwa. Susi na Chuma waliletwa Uingereza baada ya maziko kwisha. Jiwe lililowekwa juu ya kaburi lina jina la marehemu, siku ya kuzaliwa na siku ya kufa. Hata Chitambo ametajwa. Kuhusu waliombeba, jiwe linasema tu kwamba aliletwa na mikono minyofu, kwa nchi kavu na bahari. Mikono. Kana kwamba mikono ile ilitembea yenyewe, bila watu.

Tusifikiri waliofanya hivyo walikuwa na chuki. Walifuata desturi ya kwao. Ukiingia katika kanisa la zamani la kijiji chochote cha Uingereza, utakuta kuta zimejaa mabamba ya marumaru, na sakafuni mabamba ya shaba, na pengine bwana wa shamba amechongwa mawe, amelala chali na mikono kifuani, na mkewe kando yake. Aliyeweza kulipa aliandikwa ndani. Asiyeweza alizikwa nje, na kama alipata alama ya mti, mvua iliimaliza. Katika kanisa la Deerhurst, jimbo la Gloucestershire, kuna bamba la shaba la mwaka 1400 hivi, la hakimu Sir John Cassy na mkewe Alice. Miguuni pa Alice amechorwa mbwa wake mdogo, na jina la mbwa limeandikwa wazi: Terri. Zaidi ya miaka 600 imepita, na mbwa Terri bado anajulikana. Waliompikia Alice chakula hakuna awajuaye.

Desturi hiyo ilisafiri na Waingereza mpaka pwani yetu ya Kiswahili. Waliosoma habari za Zanzibar wanalijua Kanisa la Kristo, pale Mkunazini. Sultani Barghash alitia sahihi kulifunga soko la watumwa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi likawekwa penye soko lenyewe. Katika wale waliouzwa hapo walikuwamo watu wa ng'ambo yetu ya ziwa, waliovushwa kwenda Ujiji, wakatembezwa mpaka Tabora, kisha Bagamoyo, kisha wakatiwa katika jahazi. Kwa hiyo kanisa lile ni habari yetu pia.

Ndani yake, mbele ya madhabahu, kuna duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu, kuonyesha mahali pa mti ambapo watumwa walifungwa na kupigwa mijeledi. Nyuma ya madhabahu amezikwa Askofu Edward Steere, aliyelijenga kanisa hilo na kufanya kazi kubwa ya kutia Agano Jipya katika Kiswahili. Alikufa mwaka 1882. Kuna kioo cha rangi kwa ajili ya Livingstone, na ukumbusho wa mabaharia Waingereza waliokufa wakizuia majahazi ya watumwa. Kuna msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, ule ule ambao moyo ulizikwa chini yake. (Kile kipande chenye maandishi ya Wainwright kilikatwa kikapelekwa London.) Na karibu na mahali pa ubatizo kuna nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba mafundi walizikosea askofu akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha hivyo. Mimi huzipenda nguzo hizo kuliko kioo chochote. Ndizo pekee zinazokuambia kwamba kanisa lilijengwa na mafundi.

Watumwa wenyewe walipata ukumbusho wao mwaka 1998, miaka 125 baada ya soko kufungwa, nao uko uani, si ndani. Aliyeuchonga ni mama mmoja Mswidi, Clara Sörnäs: watu watano wamesimama shimoni, minyororo shingoni. Nyuso zipo. Majina hayapo, wala hayatapatikana tena.

Najua mpendwa mmoja ananiuliza sasa: Mtumishi, mambo ya sanamu na mawe yatuhusu nini sisi Wapentekoste? Swali ni la haki. Mfalme Hezekia alimvunja yule nyoka wa shaba ambaye Musa alimfanya kwa agizo la Mungu mwenyewe, kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kumfukizia uvumba. Ukumbusho mwema uliharibika. Absalomu naye alijisimamishia nguzo angali hai, kwa sababu hakuwa na mwana wa kulitaja jina lake. Kwa hiyo tunafanya vema kuogopa. Lakini Mungu huyo huyo ndiye aliyeamuru mawe 12 yatolewe katikati ya Yordani, ili watoto waulize na wazee wajibu. Na yalikuwa 12, moja kwa kila kabila. Hakuna kabila lililosahauliwa kwa kuwa dogo.

Kisha soma Nehemia sura ya 3, ile ambayo wengi wetu huiruka kwa sababu ni majina matupu. Ndiyo ukuta wenyewe. Wafua dhahabu wameandikwa. Mtengeneza marashi ameandikwa. Shalumu ameandikwa pamoja na binti zake waliojenga naye. Wakuu wa Tekoa nao wametajwa, ya kwamba wao hawakutia shingo katika kazi. Sijaona kanisa la Uingereza lenye bamba la namna hiyo!

Waingereza wenyewe walijifunza baadaye. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, karibu kila kanisa la kijiji lilitundika orodha ya vijana wake waliokufa, na mara nyingi wakaipanga kwa alfabeti, bila cheo, hata mtoto wa bwana akawa karibu na mtoto wa mfanyakazi wake wa shamba. Ilikuwa hatua kubwa. Ila haikufika kwetu. Upande wa Wabelgiji peke yake ulitumia wapagazi wapatao 260,000 katika vita dhidi ya Wajerumani huku Afrika Mashariki, wakibeba risasi, chakula na mizinga milimani. Na mwaka 2021 ile tume ya Waingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakitumikia himaya yao, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Ni rahisi kuwalaumu. Lakini na sisi?

Mwaka 1921 wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi walifika Uvira. Majina yao tunayo, na picha zao zipo. Nani alibeba masanduku yao kutoka ufukoni? Nani aliwafundisha lugha? Nani alitangulia milimani kwenda Lemera kusema kwamba wageni hawa ni watu wa amani? Nani alichoma matofali, na mama yupi aliwapikia wachomaji? Miaka mia na zaidi imepita, na katika mahubiri ya sherehe zetu mimi mwenyewe nimesema mara nyingi “wazee wetu wa kwanza,” halafu nikaendelea. Mikono tena.

Liko na jambo lingine, nalo ni zito. Hospitali ya Lemera, Oktoba 1996, wagonjwa waliuawa vitandani. Makobola, mwisho wa 1998. Gatumba, Agosti 2004, wakimbizi waliotoka upande wetu. Mutarule, Juni 2014, watu wakiwa katika ibada. Mafuriko ya Mulongwe, Aprili 2020. Katika kila moja tunataja hesabu, na hesabu yenyewe tunaibishania. Na mara nyingi kila jamii inawataja wa kwake, ikinyamaza juu ya wa jirani. Wako wachungaji wanaosema tusiandike majina hayo, maana yatafungua vidonda. Sina jibu jepesi kwao. Orodha ya wafu iliyopangwa kwa kabila inaweza kuwa panga. Lakini kidonda kisichotajwa nacho hakijapona, kimefunikwa tu kwa kitambaa. Nafikiri ile njia ya alfabeti ni njema kwetu: jina chini ya jina, bila kabila, bila kuandika aliyemwua, na Mfuliiru akutwe kando ya Mnyamulenge, Mvira kando ya Mbembe na Mrundi, kwa sababu tu majina yao yanaanza kwa herufi moja.

Hatuhitaji marumaru. Daftari gumu la kurasa 200 linatosha, likae kwa katibu wa kanisa na nakala yake mahali pengine, maana maji ya mwaka 2020 yalitufundisha kuhusu karatasi zinazokaa sehemu moja. Linaweza kusomwa mara moja kwa mwaka katika ibada, bila mishumaa, bila uvumba.

Tuanze na waliojenga, kwa kuwa juu yao hatuna ugomvi. Kila kanisa la mahali liwakalishe wazee wake, akina baba na akina mama, Jumamosi moja, na kijana mwenye mwandiko mzuri. Andikeni jina kamili, jina la baba, kijiji, na kazi aliyofanya: kubeba maji, kufundisha nyimbo, kuvusha watu kwa mtumbwi, kulala mlangoni kulinda mabati. Kama mwaka haujulikani, andikeni vita au mafuriko yaliyokuwa karibu. Kama jina limesahauliwa na kinachojulikana ni “mama wa fulani,” andikeni hivyo hivyo, na mwulize pia jirani yake.

Mleta karatasi azikabidhi kwa mashemasi baada ya ibada. Zitasomwa redioni katika kipindi hiki, tano tano, kuanzia na zile zitakazofika kwanza.