Jina la Blanketi la Kuzimia Moto

Mtafsiri aliyepewa maelezo ya kubandikwa ukutani jikoni hukutana na chombo ambacho Waingereza hukitaja kwa maneno mawili tu: moto na blanketi. Tafsiri imjiayo upesi ni "blanketi la moto". Sarufi haikuvunjwa, lakini maana imepotea. Kiunganishi -a hubeba mahusiano mengi: blanketi la sufu limefumwa kwa sufu, blanketi la mtoto ni la mtoto kutumia, na maji ya moto ni maji yaliyochemshwa. Kwa kipimo hicho blanketi la moto ni blanketi lenye joto, la kujifunika nyakati za baridi kule Njombe au Limuru. Kosa la namna hii katika kitabu cha hadithi huchekwa. Likiwa ukutani, karibu na kikaango ambacho mafuta yake yameshika moto, msomaji hana nafasi ya kulitafakari.

Historia ya chombo hiki nayo imejaa majina yaliyokwenda upande. Nguo isiyoungua ilijulikana tangu kale. Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alieleza habari za vitambaa vya mezani vilivyosafishwa kwa kutiwa motoni, akadhani nyuzi zake zatokana na mmea. Katika karne ya 13 Marco Polo alikanusha imani ya watu wa Ulaya kwamba nguo hiyo hutokana na mnyama aitwaye salamanda. Alisema ni madini yachimbwayo mlimani, yakapondwa na kusokotwa nyuzi. Madini hayo ndiyo asbesto. Neno lenyewe ni la Kigiriki, na maana yake ni "isiyozimika". Kwa Wagiriki lilihusu chokaa, na hata leo chokaa yao ina jina la shina hilo hilo. Madini haya wao huyaita amiantos, yaani "yasiyochafuliwa", nao Wafaransa wamewafuata. Waingereza walishika jina la chokaa. Ndipo katika karne ya 20 watu wakawa wanazima moto kwa nguo iitwayo "isiyozimika".

Jina la amiantos nalo halikuwa na bahati, kwani nguo hiyo isiyochafuka ilichafua mapafu ya watu. Vumbi la asbesto husababisha saratani. Uingereza ilipiga marufuku asbesto ya buluu na ya kahawia mwaka 1985, na nyeupe mwaka 1999. Mablanketi ya sasa aghalabu hufumwa kwa nyuzi za kioo. Blanketi kuukuu lililokutwa katika jengo la zamani lisikung'utwe kabla ya kujulikana limefumwa kwa kitu gani.

Kazi ya blanketi ni kuunyima moto hewa. Lavoisier, aliyetueleza jambo hilo la kuwaka kwa vitu, aliipa oksijeni jina lake mwaka 1777 (naye alikosea: jina lina maana ya "kizaa asidi", na ziko asidi zisizo na oksijeni).

Tuliite nini basi? "Blanketi zimamoto" lina ufupi mzuri, ila neno zimamoto limekwisha kuzoeleka kwa kikosi na magari yake. "Kifunika moto" laeleza kazi, lakini lamficha msomaji kuwa atafute kitambaa. Kwa maoni yangu "blanketi la kuzimia moto" ndilo bora, kwa mfano wa kisu cha kukatia nyama. Yuko atakayesema kuwa kuzimia ni kuzirai. Neno moto likifuata, shaka hiyo huondoka.

Kitenzi cha maelezo chahitaji uangalifu kuliko hata jina. Mtafsiri akiandika "tupia blanketi", mafuta huweza kuruka. Blanketi hulazwa taratibu, kingo zake zikikinga mikono, kuanzia upande wa karibu kuelekea wa mbali. Kisha jiko huzimwa, na blanketi huachwa mpaka chombo kipoe kabisa, kwa maana likiinuliwa mapema hewa huingia na mafuta yenye joto kali huwaka tena. Maji hayamwagwi kamwe juu ya mafuta yawakayo. Kwa amri hizi Kiswahili kina jozi yake tayari, nayo yatosha katika kibao kidogo: funika, zima jiko, usifunue.